Ndege Aliyopanda Mama

Baba alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari alimpa masharti matatu: asiiname, asikae penye vumbi, na asirudi kwenye ng'ombe wake kabla ya mwezi kuisha. Kwa mtu aliyezaliwa na kuzeekea zizini, upande wa Butiama, mwezi huo ulikuwa kifungo. Kifungo chenyewe alikuja kukitumikia kwangu Musoma, mtaa wa Nyakato, katika nyumba ndogo ninayoishi peke yangu.

Mimi ni binti yake, mwalimu wa fizikia shule ya sekondari. Nina jambo langu moja ambalo walimu wenzangu wamelizoea bila kulielewa: narusha ndege. Narushia nyumbani, mezani, kwa programu ya kompyuta mpakato inayoiga urubani. Nina kijiti cha kuongozea, nina mito miwili ya kukalia ili nifikie urefu unaofaa, na Jumamosi nikishafua na kusahihisha madaftari, naondoka Musoma kwenda ninakotaka. Baba alikuwa hajui. Alipokuwa anakuja zamani, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, na kwake kompyuta ilikuwa kitu kinachong'aa tu kwenye kona ya sebule.

Siku ya nne baada ya kufunguliwa bandeji, nilikuwa nimekaa mezani mchana, yeye yuko kwenye kochi na miwani yake myeusi. Nikasikia ameinuka. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Hili ni ziwa letu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Na ile pale ni barabara ya ndege. Ya hapa hapa mjini."

"Ndiyo yenyewe."

Akavuta kiti. "Hii ni kazi ya shule?"

"Ni mchezo, Baba. Ila ni mchezo wa kweli kidogo."

"Wa kweli kidogo ndiyo ukoje?"

Nikamweleza kwamba ukikosea unaanguka, lakini huumii. Alifikiri kidogo, akasema huo ni mchezo mzuri, watu wengi wangependa wapate maisha ya namna hiyo. Kisha akaniuliza ndege ziko ngapi humo ndani. Nikamwambia kuna za kununua za ziada, lakini mimi natumia zile zilizokuja na programu yenyewe, na hizo ni kumi na kitu.

"Nionyeshe zote."

Nilidhani ataangalia mbili tatu achoke. Hakuchoka. Aliziangalia kama anavyoangalia ndama wa kununua mnadani: kwanza miguu, halafu kifua, halafu anataka azungushiwe aone nyuma. Ile kubwa kuliko zote, ya ghorofa, aliikataa hata kabla haijawashwa injini. "Hii hapa kwetu itatua wapi? Itaishia majini." Nikaijaribu ili nimwonyeshe, na kweli ikaishia majini. Akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya jicho lake. Ndege ya kivita tuliondoka nayo Musoma, na alipokuwa anauliza kama tumefika Bunda, Bunda ilikuwa imeshabaki nyuma. Isiyo na injini aliisikitikia. Alisema huyo ni ng'ombe aliyekatwa pembe.

"Wewe mwenyewe unaonaga ipi ndiyo nzuri?" aliniuliza.

Sikuhitaji kufikiri. Nina ndege yangu ninayoipenda tangu siku ya kwanza: injini mbili, mabawa chini, magurudumu yanakunjwa tumboni ikishapaa. Ni nyepesi, ni ya haraka, na inasikia mkono. Lakini sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na siku hiyo nilimwambia.

"Hii. Kwa sababu ni kama ile aliyopanda mama."

Baba alisogeza kiti. Akaitazama ile ndege kwenye kioo, akaitazama tena.

"Mama yako hakupanda hii," alisema.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa na mimba ya mtoto ambaye angekuwa mdogo wangu, na mimba ikaharibika vibaya. Walimleta Musoma kwa gari la mizigo, nami nikiwa mapajani kwa baba. Hospitalini wakasema huyu inabidi afike Mwanza leo. Ikatokea kwamba kulikuwa na ndege ndogo ya wagonjwa iliyomleta daktari asubuhi hiyo, inarudi. Mama akachukuliwa. Mtoto hakuishi, mama akafanyiwa upasuaji mkubwa, na baada ya majuma kadhaa akarudi kwa basi, amekonda, akiwa na khanga mpya kichwani. Hawakupata mtoto mwingine. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalima, akanisomesha, akanichezea ngoma siku nilipohitimu. Alifariki miaka minne iliyopita, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Ndege ile niliibeba kichwani utoto wangu wote. Nadhani ndiyo iliyonipeleka kwenye fizikia. Nilitaka kuwa rubani, nikafika nilipofika, na sina uchungu nalo. Lakini nilikuwa na uhakika: ilikuwa nyeupe, ina injini mbili, moja kila upande.

"Injini ilikuwa moja," baba alisema. "Puani."

"Baba, nakumbuka mngurumo ule."

"Ulikuwa na miaka saba. Hata pikipiki ungeona ina injini mbili."

Tulibishana siku mbili. Tulibishana tukila, tulibishana nikimtia dawa ya jicho, yeye amelaza kichwa nyuma na bado anaongea. Nilimwonyesha ndege mbili tatu za injini moja, akasema si hii, si hii, ile ilikuwa na mlango mpana. Nikaanza kuona kwamba jambo hili si mchezo tena kwake. Alikuwa ameanza kuamka kabla yangu, na nikitoka chumbani namkuta amekaa mbele ya kompyuta iliyozimwa, mikono magotini, ananisubiri.

Siku ya tatu alikuja na ushahidi.

"Mvua ilikuwa inanyesha," alisema. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Mvua ya kutoka ziwani, ya upepo.

"Wewe nilikuacha pale kwenye kibanda, kwa yule mlinzi. Mimi nilisimama kando ya ndege, na sikulowa. Nimeshinda nafikiria, kwa nini sikulowa? Kwa sababu bawa lilikuwa juu yangu. Mtu hawezi kusimama chini ya bawa ambalo liko chini." Akainyooshea kidole ndege yangu niipendayo. "Hapa ungejikinga wapi mvua?"

Nafundisha watoto kila mwaka jinsi ya kujenga hoja kutokana na kitu walichokiona kwa macho. Nilishindwa. Nikaziondoa zote zenye mabawa chini. Zikabaki nne. Nikaondoa yenye injini mbili, nikabaki na tatu. Moja ilikuwa ndogo mno kwa machela. Baba akaomba nimzungushie zile mbili zilizobaki, taratibu, na ya pili ilipogeuka akaniwekea mkono begani.

"Simama hapo."

Ilikuwa ndege ya kazi, isiyo na urembo wowote. Injini moja puani, magurudumu yasiyokunjwa, mlango mpana ubavuni, na nguzo nyembamba inayotoka chini ya mlango wa rubani kwenda kushikilia bawa. Mimi nilikuwa siigusi. Ni nzito, inapanda polepole, na haina sifa.

"Hii nguzo," baba alisema, akagusa kioo. "Hii niliishika."

Nikaiweka kwenye uwanja wetu, nikawasha injini. Pangaboi la puani likazunguka. Nilikuwa nimefurahi, nilitaka kumpa zawadi, nikasukuma injini na ndege ikaanza kukimbia.

"Zima," baba alisema.

"Baba?"

"Zima, mama. Tafadhali."

Nikazima. Alirudi kwenye kochi akavaa miwani yake myeusi. Nilipika uji, nikampelekea, nikakaa naye. Alikunywa nusu kikombe ndipo akasema.

"Nafasi ilikuwepo."

"Nafasi gani?"

"Kwenye ile ndege. Miaka yote nimekuwa nasemaga kwamba walitaka mwanamke amsindikize. Nesi hakusema hivyo. Nesi alisema mtu mmoja. Akaniangalia mimi."

Niliweka kikombe changu chini.

"Mama yako alikuwa ameshalazwa ndani. Mimi nikamwangalia mama yako mdogo. Alikuwa binti wa miaka kumi na saba, alikuja kwetu kumsaidia dada yake kazi. Nikamwambia, panda wewe. Akapanda. Na mimi nikabaki nimeshika ile nguzo, mpaka rubani akatoa kichwa akasema mzee, niachie ndege yangu." Alivuta pumzi. "Niliogopa. Fisi nimewafukuza zizini kwa fimbo, peke yangu. Lakini mguu wangu ulikataa ile ngazi. Kama angefia huko, angefia kwa watu, mimi nipo hapa nimesimama na viatu vina tope."

Niliwaza yote niliyowahi kumsifia baba yangu, na nikaona kwamba hili halikupunguza hata moja, ila nilishindwa kulisema vizuri. Nilimshika mkono tu. Kiganja chake kilikuwa kimelainika kidogo kwa siku zile za kutoshika fimbo.

"Mama alijua?" nilimuuliza.

"Hakuniuliza hata siku moja."

Kisha akasema anataka kwenda kumwona mama mdogo. Anaishi Bunda, Nyasura, na tangu upasuaji alikuwa amepiga simu mara nyingi akitaka kuja kumjulia hali shemeji yake. "Nitakwenda mimi," baba alisema. "Na hiyo mashine yako uichukue."

Jumamosi mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakwenda Bunda alituchukua kwenye gari lake, baba akiwa mbele, miwani usoni na kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Mama mdogo alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mnene, mcheshi, ana duka la vyombo vya nyumbani na sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya barabara. Alimshika baba mashavu yote mawili akamchunguza lile jicho kama daktari.

"Unaniona, shemeji?"

"Nakuona. Umezeeka."

"Basi wamekuharibia. Lilikuwaga zuri zaidi lile la zamani."

Tulikaa. Akaleta soda. Nilifungua kompyuta mezani, nikaiweka ile ndege ya kazi kwenye kioo, na kabla sijaeleza lolote mama mdogo akapiga yowe dogo.

"Mungu wangu! Si ndiyo ile? Mlango ule ule! Nilitapika kuanzia Musoma mpaka Mwanza."

Baba alivua miwani. Nilijua amejipanga njia nzima, kwa sababu ndani ya gari alikuwa hajasema neno. Lakini alichojipangia kilimpotea, akasema kwa mkato, kama mtoto anayekiri kwa mwalimu.

"Shemeji, siku ile niliogopa. Nafasi ilikuwa yangu, nikakupa wewe."

Mama mdogo alimtazama. "Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwepo, shemeji. Nilimsikia nesi kwa masikio yangu. Unadhani mimi sikuogopa? Niliogopa kuliko wewe. Tofauti ni kwamba mimi hakuna aliyeniuliza." Alisema hivyo bila hasira, akitabasamu, kisha sura yake ikatulia. "Na dada naye alijua. Tulipokuwa Mwanza, baada ya upasuaji, aliniambia: mume wangu ukimwona anatoa amri kwa sauti kubwa, ujue anatetemeka. Tukirudi usimtanie kwa hilo. Nikamwambia sawa. Na mimi utani ndiyo kazi yangu, unanijua, lakini hilo sijawahi kuligusa."

Mama mdogo akasogeza kiti chake karibu na cha baba.

"Kuna kitu dada hakuwahi kukwambia? Kuhusu nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Yenu. Aliiona."

Hapo ndipo nilipojua kwamba safari zote nilizowahi kurusha kutoka Musoma kwenda Mwanza nilizirusha vibaya. Mimi nilikuwa nakata moja kwa moja juu ya maji, kwa sababu ndiyo njia fupi. Mama mdogo akasema hapana, ziwani kulikuwa na mvua na wingu jeusi, rubani akageukia nchi kavu, akapita chini ya mawingu upande wa Butiama, ndipo akashuka na Bunda kwenda kutokea majini tena huku chini. Mama mdogo mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni karibu na machela, na mfuko wa kutapikia mkononi. Mama alipotambua vile vilima, akamwomba nesi amwinue kichwa.

"Akaangalia, akaangalia. Akasema, ile kule, ile yenye bati moja linalong'aa."

"Nilikuwa nimebadilisha bati moja," baba alisema taratibu. "Juma hilo hilo. Lilikuwa linavuja juu ya kitanda."

"Ndiyo hilo. Halafu akasema, ona, hajawafungulia ng'ombe. Wote wako zizini mpaka saa hizi. Akacheka, shemeji. Anaumwa vile, damu inatoka vile, akacheka. Akasema, leo kachanganyikiwa kabisa huyu."

Baba alikuwa analia. Mkono ulipanda kwenda kwenye jicho, na mimi na mama mdogo tukamrukia kwa pamoja, kwa maana jicho lile halikufaa kusuguliwa. Nilichukua kitambaa safi kwenye mfuko wa dawa, nikamfuta chini ya jicho, polepole, mara mbili tatu. Aliniachia uso wake kama mtoto anayenawishwa.

"Sikuwafungulia," alisema. "Kweli. Walishinda na njaa mpaka jioni. Nilirudi nikawakuta wanalia."

Nje kulikuwa na mtu anagonga mlango wa duka, mama mdogo akapaza sauti kwamba amefunga. Baba akajikohoza, akavuta kiti chake mpaka mbele ya kompyuta.

"Haya," aliniambia. "Twende. Kwa njia ile aliyosema."

Niliweka mvua ziwani. Nikaiweka ndege mwanzo wa uwanja wa Musoma. Nikamwonyesha kijiti, akakishika, nami nikaweka mkono wangu juu ya wake kwa sababu alikuwa anakibana kama mkia wa ndama. Nilisukuma injini. Safari hii hakusema zima. Magurudumu yalipoachana na ardhi nilisikia vidole vyake vikikaza chini ya vyangu, kisha vikalegea kimoja kimoja.

Tulipinda kushoto. Ni ndege ya polepole ile, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa upole wake; bawa liko juu, hakuna kinachokuzuia kuona chini. Vilima vya kwetu vilikuja, kimoja baada ya kingine. Maumbo yake programu inayo vizuri. Mengine yote imekisia: mahali tunapolima mihogo ilikuwa imepanda msitu, na kando yake ikajenga nyumba za rangi ambazo sijawahi kuziona Butiama yote.

Baba alisogeza uso. "Nyumba haipo."

"Haipo, Baba. Waliotengeneza programu hawajui kama tunaishi hapo."

"Kilima ndicho chenyewe." Akakigusa kwenye kioo. "Zunguka."

Nikazunguka. Akaomba tena, nikazunguka tena. Mama mdogo alisimama nyuma yetu, akiwa ameshika viti vyetu vyote viwili, na mara ya tatu tulipopita alinyoosha kidole juu ya bega la baba akasema kwamba zizi lilikuwa pale, dada alikuwa anaangalia pale. Mahali penyewe palikuwa na miti ya kubuni. Sisi watatu tulipatazama.

Tulipofika juu ya Bunda, mama mdogo aliinua macho akaangalia dari ya sebule yake, halafu akaona aibu, tukacheka wote. Baada ya hapo yalikuja maji, na baba akaniuliza mambo ya kawaida ya msafiri: pale ni wapi, kile kisiwa ni kipi, bado sana? Njia nzima ilichukua karibu saa moja. Hakuachia kijiti. Mwanza ilipotokea na mawe yake, nilimwambia sasa kazi ni yangu, akasema sawa, lakini mkono hakuutoa, kwa hiyo tulitua pamoja, vibaya, tukaruka mara mbili kabla ya kutulia.

Nilipozima injini pangaboi liligeuka pole pole mpaka likasimama. Baba aliendelea kukaa anatazama mbele, kwenye lami ile ya Mwanza. Kisha akageuka na kiti chake, mzima mzima, akamwelekea mama mdogo.

"Sijawahi kukushukuru," alisema. "Asante kwa kumsindikiza mke wangu."

Mama mdogo aliinuka. Alichukua zile chupa za soda, tupu na zisizo tupu, akazipeleka jikoni zote. Tulimsikia huko anafungua bomba, anafunga. Aliporudi alikuwa amebeba ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, mzima, amejaa sahani.

"Sogeza hiyo ndege," aliniambia. "Shemeji ale kichwa."

Nikafunga kompyuta, nikaiweka sakafuni. Baba alinawa, akala kichwa cha samaki chote, akamalizia na macho yake.